Nani Aliyahesabu Mabao ya Chitalu?

Tarehe 9 Desemba 2012 Lionel Messi aliifungia Barcelona mabao mawili dhidi ya Real Betis, akafikisha 86 ndani ya mwaka mmoja wa kalenda. Dunia nzima ikatangaziwa kwamba amemvuka Gerd Müller, Mjerumani aliyefunga mabao 85 mwaka 1972. Haikupita wiki, Shirikisho la Soka la Zambia likajitokeza na kusema kwamba katika mwaka huohuo wa 1972 palikuwa na mtu mwingine ambaye hakuna aliyemtaja: Godfrey Chitalu wa Kabwe Warriors, mabao 107. Wengi walilipokea dai hilo kwa mashaka, kana kwamba ni hadithi ya kijiweni iliyopewa barua yenye nembo. Nadhani walikosea. Mabao ya Chitalu yalihesabiwa mapema, yakahesabiwa kwao, na ushahidi unaoyashikilia ni wa aina ileile inayoishikilia rekodi ya Müller na hata ya Messi. Kilichokosekana ni njia ya kuivusha hesabu hiyo nje ya mipaka ya Zambia.

Chitalu alizaliwa Luanshya mwaka 1947, katika Ukanda wa Shaba, mji uliojengwa kuuzunguka mgodi wa Roan. Huko mpira na kazi vilikuwa kitu kimoja. Migodi, halmashauri za miji na shirika la reli ndio waliokuwa na viwanja, ndio waliotoa ajira, na ndio waliolisha timu. Mchezaji mzuri alivutwa kwa kazi yenye nyumba kuliko kwa fedha za usajili. Alianza kutamba akiwa na Kitwe United. Mwaka 1968 akatajwa Mwanasoka Bora wa Zambia kwa mara ya kwanza, na mwaka huohuo akaanza kuichezea timu ya taifa, nchi ikiwa na miaka minne tu ya uhuru. Baadaye akahamia Kabwe Warriors, timu ya mji wa reli. Wasomaji wa Tanzania hawana haja ya ramani kuupata mji huo: ukishuka TAZARA Kapiri Mposhi, Kabwe iko kusini kidogo, kwenye njia ya Lusaka. Tuzo ile ya mwanasoka bora aliipata mara tano: 1968, 1970, 1972, 1978 na 1979. Itazame miaka hiyo vizuri. Kati ya ya kwanza na ya mwisho kuna miaka 11, na mshambuliaji wa msimu mmoja wa bahati hadumu muda wote huo mbele ya mabeki wanaomjua kwa jina na kwa mguu anaoupenda. Mashabiki walimwita Ucar, jina la betri. Kwa timu ya taifa, hesabu inayotajwa zaidi inampa mabao 79 katika mechi 111. Hossam Hassan wa Misri, Didier Drogba wa Ivory Coast na Samuel Eto'o wa Cameroon, wote wamestaafu bila kuifikia.

Turudi 1972, maana hapo ndipo penye ushahidi mzito kuliko wote, nao ni mpira. Katika mwaka uleule ulitengenezwa mpira maalumu wa kumbukumbu kwa ajili ya mabao yake. Mtu anayetaka kuipima hoja hii aanzie hapo kabla ya kufika kwenye matamko ya 2012. Rekodi ya kubuni huzaliwa baadaye, wakati mtu ameshazeeka au amefariki, na idadi hupanda kila inaposimuliwa. Hii ya Chitalu iliwekewa alama hadharani wakati walinda mlango waliofungwa bado wako kazini na wangeweza kubisha, na mashabiki wa Mufulira Wanderers au wa Kitwe wangeweza kuidhihaki wikiendi iliyofuata. Hakuna mpinzani anayekubali kimya kimya kwamba amefungwa mabao ambayo hakufungwa. Müller hakuwa tishio kwa mtu yeyote Kabwe, na Messi alikuwa hajazaliwa, kwa hiyo wakati ule hapakuwa na mtu wa kushindana naye kwa kuongeza idadi.

Hoja ya kwanza ya wanaopinga ni kwamba FIFA haijaithibitisha rekodi hiyo. Ni kweli, haijaithibitisha. Lakini katika mjadala uleule wa Desemba 2012 FIFA ilieleza kwamba haitunzi takwimu za mashindano yote, na kwa sababu hiyo haikuweza kuithibitisha hata rekodi ya Messi. Mabao 85 ya Müller nayo hayakutoka kwenye kabati la FIFA. Yalitoka kwa watu waliojumlisha ripoti za mechi: 72 ya Bayern Munich na 13 ya Ujerumani Magharibi. Zambia ilifanya kitu hichohicho. Msemaji wa shirikisho alieleza kwamba kimeundwa kikundi huru cha kupitia kumbukumbu na kuandika kila bao na dakika yake. Ripoti ya gazeti ya siku ile, yenye jina la timu, matokeo na wafungaji, ndiyo malighafi ya takwimu zote za soka la zamani, iwe imechapishwa Munich au Ndola. Anayeikataa ya Ndola na kuipokea ya Munich anapaswa aeleze tofauti yake iko wapi, na sijaona aliyeieleza.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, nayo inahusu mechi zilizohesabiwa. Kuna hesabu ya 107 na kuna hesabu ya 116. Tofauti hutokana na mabao yaliyofungwa kabla ya msimu kufunguliwa rasmi. Wapo wanaosema kwamba namba mbili kwa mwaka mmoja ni dalili ya uzembe. Mimi naiona kuwa dalili ya uangalifu, kwa sababu ni mtu anayejua bao gani lilifungwa katika mechi gani tu ndiye anayeweza kuyatenga ya msimu na ya kabla ya msimu. Porojo haina vifungu. Pia tukumbuke kwamba dunia ya soka haijawahi kuwa na msimamo mmoja kuhusu mechi za kirafiki. Pelé alishangiliwa Maracanã mwaka 1969 kwa bao lake la 1,000, na hesabu ile ilijaa mechi za kirafiki, hata mabao aliyofunga akiwa na timu ya jeshi. Kati ya mabao 12 ambayo Messi aliifungia Argentina mwaka 2012, 7 yalikuwa ya mechi za kirafiki, matatu kati yake dhidi ya Brazil, na hakuna aliyetaka yapunguzwe. Mtu ana haki ya kuweka kipimo kikali. Asibadilishe kipimo akifika Kabwe.

Kisha kuna wale wasemao ligi ilikuwa dhaifu na majirani walikuwa vibonde. Kwa upande wa ligi nakubali sehemu: Bayern ya 1972, yenye Beckenbauer na Maier, ilicheza katika ligi ngumu kuliko ya Zambia, na sidai kwamba mabao 107 yanamfanya Chitalu kuwa bora kuliko Müller. Rekodi huhesabu mabao, haipimi ugumu wa kila bao. Tungeanza kupima ugumu, tungelazimika kuzifumua rekodi za Ulaya pia, ambako vigogo huzichapa timu ndogo kila msimu. Kwa upande wa majirani sikubali hata kidogo. Zambia ilicheza fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1974 huko Cairo, ikaisumbua Zaire hadi mechi ikarudiwa. Uganda ilicheza fainali ya 1978. Katika Kombe la Chalenji, ambako Zambia ilikutana na watu wa ukanda huu karibu kila mwaka, ilipoteza fainali tatu mfululizo: 1976 na 1977 kwa Uganda, 1978 kwa Malawi. Malawi ile ilikuwa na Kinnah Phiri, mshambuliaji mwingine wa mabao zaidi ya 60 kwa taifa lake ambaye nje ya ukanda huu jina lake halisemi kitu. Na Watanzania wanaikumbuka Ndola ya 1979: Taifa Stars iliyokuwa imeshinda 1-0 Dar es Salaam ilikwenda kule ikazungukwa na maelfu ya mashabiki wa wenyeji, Peter Tino akasawazisha, mechi ikaisha 1-1, na Tanzania ikafuzu kwenda Lagos 1980. Hao ndio wanaoitwa vibonde. Chitalu alipovuka ukanda huu pia hakukauka: katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, akikaribia miaka 33, Zambia ilifunga mabao mawili tu katika mashindano yote, moja dhidi ya Umoja wa Kisovieti na jingine dhidi ya Venezuela, na yote mawili yalikuwa yake.

Kwa nini basi ilichukua miaka 40? Swali hili huulizwa kama mtego, nami nadhani lina jibu la wazi. Mwaka 1972 hapakuwa na ofisi ya kupelekea hesabu ya aina hiyo, na sifa za wachezaji wa Afrika zilipita mlango mmoja mwembamba. Tuzo ya Mwanasoka Bora wa Afrika, iliyoanza 1970, ilikuwa ya jarida la Ufaransa, France Football. Chukua washindi wake 11 wa kwanza, hadi 1980: tisa walitoka nchi zinazotumia Kifaransa, kuanzia Mali na Guinea hadi Morocco, Tunisia, Zaire na Cameroon. Wawili waliosalia walitoka Ghana. Kusini na mashariki mwa bara hakupatikana hata mmoja. Mwaka 1972 wenyewe tuzo ilikwenda kwa Souleymane Chérif wa Guinea, ambaye klabu yake ya Hafia ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka huo, na siinyooshei kidole heshima yake, alistahili. Ninachosema ni kwamba jarida lililoko Paris lilimwona mchezaji wa Conakry kwa urahisi, na aliyeko Kabwe akawa nyuma ya ukuta. Mabao yake yalijulikana Lusaka, Ndola, Lilongwe, Nairobi na Dar es Salaam. Yalikuwa siri kwa wale tu walioandika vitabu vya takwimu.

Lawama nyingine ni yetu, wala haifai kuikwepa. Baada ya kutundika daluga Chitalu hakutoweka. Aliwafundisha Kabwe Warriors, kisha akakabidhiwa timu ya taifa. Kwa zaidi ya miaka 20 baada ya 1972 alikuwepo, mzima, mwenye akili timamu, na angeweza kuketishwa mezani na magazeti ya mwaka ule akaulizwa: hili ulilifunga wapi, nani alitoa pasi, kipa alikuwa nani? Usiku wa tarehe 27 Aprili 1993 ndege ya jeshi la anga la Zambia aina ya Buffalo, ikiwa imetoka kujaza mafuta Libreville, ilianguka baharini nje ya pwani ya Gabon ikiipeleka timu ya taifa Dakar kucheza na Senegal. Watu wote 30 waliokuwamo walikufa. Kocha alikuwa Chitalu, mwenye umri wa miaka 45. Msaidizi wake alikuwa Alex Chola, mwenzake wa safu ya ushambuliaji katika timu ya taifa ya miaka ya 1970. Zambia ilizika kizazi cha wachezaji 18, na pamoja nao watu wawili ambao kumbukumbu zao zilikuwa hati zisizokuwa na nakala. Kwa hiyo shirikisho liliposimama Desemba 2012, miezi kumi baada ya Zambia kutwaa Kombe la Afrika katika jiji hilohilo la Libreville, halikuwa tena na shahidi wa kumwita. Lilibaki na karatasi.

Karatasi hizo hazikai Zambia peke yake, na jambo hili halijatumiwa ipasavyo. Kila bao lina timu iliyofunga na timu iliyofungwa, na ya pili ina sababu zote za kutoliandika kama halikuwapo. Mwaka 1974 Kombe la Chalenji lilichezwa Dar es Salaam, mwaka 1976 Zanzibar, mwaka 1979 Kenya. Uhuru na Daily News za Dar es Salaam, Taifa Leo na Daily Nation za Nairobi, zilichapishwa siku zote hizo. Mhariri wa michezo wa Nairobi au wa Dar es Salaam hakuwa na hamu ya kumpamba Mzambia aliyewaliza mashabiki wake. Aliandika jina la mfungaji kwa shingo upande, na ndiyo maana maandishi yake yana thamani. Anayetaka kuyahakiki mabao 79 ya timu ya taifa anaweza kuanza na majalada hayo, ukurasa wa nyuma, toleo la siku baada ya mechi, kabla mchwa na unyevu wa pwani havijayamaliza.