Wasichana wa Mlango wa Kwanza

Juhi Chawla hakuwa mgeni wa sinema alipopewa tuzo ya wageni. Taji la Miss India alilivaa mwaka 1984. Mwaka 1986 alionekana katika Sultanat, filamu iliyopita bila kishindo, kisha akashuka kusini kuigiza kwa Kikannada katika Premaloka. Lakini Qayamat Se Qayamat Tak ya Mansoor Khan ilipotoka Aprili 1988, yeye akiwa Rashmi na Aamir Khan akiwa Raj, watoto wa koo mbili zilizomwagiana damu, Bombay nzima ikafanya kana kwamba ndiyo kwanza imuone. Mwaka uliofuata jarida la Filmfare likamkabidhi tuzo mpya iliyoitwa Lux New Face of the Year. Orodha ya waliowahi kuipata inaanza na jina lake.

Kwetu Mombasa filamu hiyo ilifika kwa kanda. Tuliitazama kwa jirani mwenye deki, watoto chini mkekani, wakubwa vitini, na shangazi yangu, ambaye Kihindi chake chote alikisomea sinema, akitutafsiria kwa sauti hata pasipohitaji tafsiri. Raj na Rashmi walipokufa, alilia kama aliyefiwa. Halafu akafuta macho, akauliza swali aliloliuliza juu ya kila mwigizaji mpya wa kike: "Huyu watamwacha adumu?" Nimeifuata historia ya tuzo hii kwa miaka mingi nikiwa na swali hilo la shangazi, na sijapata lililo bora kuliko hilo.

Filmfare yenyewe ilianza kuchapishwa mwaka 1952, na tuzo zake zikatolewa mara ya kwanza tarehe 21 Machi 1954 katika ukumbi wa Metro, Bombay. Wakati huo ziliitwa Clares, kwa kumkumbuka Clare Mendonça, mhakiki wa filamu wa The Times of India, na zilikuwa tano tu. Meena Kumari aliondoka na ya mwigizaji bora wa kike kwa Baiju Bawra. Kwa zaidi ya miongo mitatu baada ya hapo, msichana anayeanza hakuwa na kiti chake. Kiti kilipopatikana, aliyekilipia alikuwa muuza sabuni. Lux ilikuwa imeshazoea nyuso za Bombay: mwaka 1941 Leela Chitnis alikuwa mwigizaji wa kwanza wa Kihindi kuitangaza, na waliomfuata ni wengi. Naamini waliochagua kufadhili tuzo ya msichana mpya walikuwa wanautafuta uso wa tangazo la kesho. Simlaumu mfanyabiashara kwa kujua biashara yake, ila ni vizuri tujue mlango huo wa kuingilia sinema ulijengwa na nani.

Zamani mlango wenyewe ulikuwa wa aibu. Dadasaheb Phalke alipotengeneza Raja Harishchandra mwaka 1913 alitafuta mwanamke wa kuigiza malkia Taramati akamkosa. Hata wanawake waliouza miili yao walimkatalia. Mwishowe akamchukua kijana mmoja aliyefanya kazi hotelini Grant Road, Anna Salunke, akamvika sari. Kwa hiyo malkia wa kwanza wa filamu ndefu ya India alikuwa mwanamume, na alilimudu jukumu lile hata mwaka 1917, katika Lanka Dahan, akaigiza Rama na Sita yeye mwenyewe. Mwaka uleule wa 1913, katika filamu ya pili ya Phalke, Mohini Bhasmasur, wakaingia wanawake wawili kwa mpigo: Durgabai Kamat, mama aliyeachana na mumewe, na bintiye Kamlabai, aliyekuwa na umri wa karibu miaka 13. Durgabai hakupewa kitu ila kutengwa. Kamlabai aliendelea na kazi hiyo ya jukwaa na kamera karibu maisha yake yote; filamu yake ya mwisho, Gehrayee, ni ya mwaka 1980. Mtu akiniuliza ni nani aliyestahili tuzo ya kuanza kuliko wote, nitawataja mama huyu na mwanawe kabla ya mwingine yeyote.

Kukosa kiti maalumu kulikuwa na faida moja ambayo leo imesahauliwa. Msichana mpya alipambana na wakubwa uso kwa uso. Dimple Kapadia alikuwa na miaka 16 Bobby ya Raj Kapoor ilipotoka Septemba 1973, na mwaka 1974 hakuna aliyemwekea zawadi ya watoto pembeni. Alichukua tuzo ya mwigizaji bora wa kike, akigawana na Jaya Bhaduri wa Abhimaan. Lakini miezi kabla filamu haijatoka alikuwa ameshaolewa na Rajesh Khanna, nyota aliyepagawisha nchi nzima wakati ule, na ndoa ikamtoa kwenye sinema. Alikaa nje kwa zaidi ya miaka kumi. Aliporudi na Saagar mwaka 1985, akaishinda tena tuzo ileile. Bobby ilipendwa mno pwani yetu, na shangazi alikuwa na hasira na Rajesh Khanna mpaka anazikwa.

Bhagyashree, wa pili kwenye orodha, ni binti wa ukoo wa kifalme wa Sangli. Maine Pyar Kiya ya Sooraj Barjatya ilitoka mwishoni mwa Desemba 1989, ikamfanya yeye na Salman Khan wajulikane kila kona. Aliolewa na Himalay Dassani, akashika sharti la kuigiza na mumewe tu. Watayarishaji walimhitaji yeye, si mume. Qaid Mein Hai Bulbul ya 1992 ikaja na kupita, na huo ukawa karibu mwisho wake kama nyota. Sharti lilikuwa la kwake na ninaliheshimu. Kinachoniuma ni kwamba Salman, mwenzake wa filamu ileile, hakuwahi kutakiwa achague.

Halafu Divya Bharti. Hapa lazima nikae kidogo. Alitokea filamu za Kitelugu, ambako Bobbili Raja ya 1990 ilimpa jina akiwa na miaka 16. Mwaka 1992 akavamia Bombay kwa filamu nyingi mfululizo, na Deewana, iliyotoka mwezi Juni, ikampatia tuzo ya mwaka 1993. Mwenzake ndani ya Deewana, kijana kutoka Delhi aliyetamba kwenye michezo ya televisheni, alichukua tuzo ya wanaume wanaoanza. Huyo ni Shah Rukh Khan. Wawili hawa walipitia mlango mmoja kwa filamu moja. Tarehe 5 Aprili 1993 Divya alianguka kutoka dirisha la nyumba yake ya ghorofani huko Versova, akafa. Alikuwa na miaka 19. Laadla, ambayo alikuwa ameshapiga sehemu kubwa, ikarudiwa na Sridevi. Ninapomwona Shah Rukh akizeeka mbele ya kamera, na ndevu zake zenye mvi, ninahesabu umri ambao Divya angekuwa nao.

Kuhusu nani aitwe mgeni, waamuzi wamekuwa na ukaidi wao: kwao sinema inaanzia Bombay na kwa Kihindi. Tabu alishinda mwaka 1995 kwa Vijaypath, ingawa Dev Anand alikuwa amemwonyesha akiwa binti mdogo katika Hum Naujawan ya 1985, na watu wa Hyderabad walimjua tangu Coolie No. 1 ya Kitelugu. Mwaka huohuo Sonali Bendre naye alituzwa kwa Aag. Ileana D'Cruz alikwisha kutuzwa kama mgeni upande wa kusini kwa Devadasu ya 2006, akaja kutuzwa tena kama mgeni kwa Barfi! mwaka 2013. Ajabu zaidi ni Asin. Jukumu la Kalpana katika Ghajini ya Kitamil, mwaka 2005, lilimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike wa Filmfare ya kusini. Filamu ikatengenezwa upya kwa Kihindi mwaka 2008 pamoja na Aamir Khan, Asin akaigiza jukumu lilelile, na Bombay ikampa zawadi ya anayeanza! Kwangu hili ni dharau kwa watazamaji mamilioni wa kusini, na haliwezi kuitwa kanuni tu.

Koo za sinema nazo zimekula sehemu ya tuzo hii. Pooja Bhatt ni binti wa mwongozaji Mahesh Bhatt, Raveena Tandon binti wa mwongozaji Ravi Tandon, Esha Deol binti wa waigizaji Dharmendra na Hema Malini, Kareena mjukuu wa Raj Kapoor. Twinkle Khanna aliyeshinda mwaka 1996 kwa Barsaat ni mtoto wa ndoa ileile iliyomtoa Dimple kwenye sinema. Lakini mwaka 1997 tuzo ilimwendea Seema Biswas kwa Bandit Queen, maisha ya Phoolan Devi yaliyoongozwa na Shekhar Kapur. Seema ni mtu wa Assam, msomi wa National School of Drama, aliyepita miaka 30, na uso wake katika filamu ile una vumbi, kovu na ghadhabu. Hakuna sabuni ingeutaka. Naye Bhumi Pednekar, aliyeshinda mwaka 2016 kwa Dum Laga Ke Haisha, alikuwa akifanya kazi Yash Raj Films ya kuwatafutia wengine majukumu, na aliongeza unene kwa makusudi ili amwigize bibi harusi ambaye mume anamwonea haya. Kwa hawa wawili ninaisamehe tuzo mambo mengi.

Wawili wengine tuna udugu nao huku kwetu. Juhi aliolewa na Jay Mehta, wa ukoo uliojenga kiwanda cha sukari cha Lugazi, Uganda. Mamta Kulkarni, mshindi wa 1994 kwa Aashiq Awara, aliishi Kenya miaka mingi mbali na kamera, na Januari 2025 akavaa vazi la utawa kwenye mkusanyiko mkubwa wa mahujaji huko Prayagraj, India.

Kuikosa tuzo hakujamzuia mtu. Kajol alianza 1992 na Bekhudi, mwaka ambao ulikuwa wa Divya. Anushka Sharma alianza 2008, mwaka wa Asin. Oktoba 2025, huko Ahmedabad, zawadi ya anayeanza ilikwenda kwa Nitanshi Goel, mzaliwa wa 2007, aliyeigiza bibi harusi aliyepotea safarini kwa treni katika Laapataa Ladies ya Kiran Rao. Usiku huohuo Alia Bhatt alipokea tuzo yake ya sita ya mwigizaji bora wa kike, idadi ambayo hakuna mwanamke mwingine amewahi kuifikia. Alia alianza na Student of the Year mwaka 2012, na zawadi ya wageni ya msimu ule ndiyo ile aliyopewa Ileana.