Tunduma na Mlango wa Kutokea

Sisi wa Tunduma na Vwawa hatuhitaji kufundishwa maana ya lango. Hata hivyo vijana wa kompyuta hushangaa ninapowaambia kuwa taabu wanayoipata kwenye seva zenye kadi mbili za mtandao inafanana sana na taabu iliyoipata Zambia kabla wao hawajazaliwa.

Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, mlango mkubwa wa Zambia ulikuwa reli ya kusini, iliyopita katika nchi ya huyo huyo Smith. Mafuta yalipokatika, malori yakaanza kuyabeba kutoka Dar es Salaam kupitia Mbeya na Tunduma, kwenye barabara ya vumbi kiangazi na tope masika. Mwaka 1968 likakamilika bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 hadi Ndola. Januari 1973 Smith alifunga mpaka. Alipotaka kuufungua mwezi uliofuata, Kaunda akakataa. TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa Julai 1976. Lakini mizigo ilirundikana katika bandari ya Dar es Salaam, mbolea ikachelewa, na Oktoba 1978 Kaunda akalazimika kuifungua tena njia ya kusini. Tangu hapo Zambia ilikuwa na milango miwili, na swali likawa jingine: mzigo upi upite wapi?

Swali hilo ndilo la seva. Neno lango lilitumiwa na Vinton Cerf na Robert Kahn katika makala yao ya Mei 1974, wakimaanisha chombo kinachopokea pakiti za mtandao mmoja na kuzipitisha kwenda mtandao mwingine. Kompyuta yenye kadi moja haina mashaka: jirani humpelekea mwenyewe, na asiyemjua humpeleka kwenye lango lake kuu.

Katika chuo kimoja cha ualimu nilichokuwa nikikitembelea baada ya kustaafu, seva ilikuwa na kadi mbili. Moja ilielekea maabara ya wanafunzi, nyingine kwa kampuni iliyouza intaneti. Aliyeifunga alikuwa ameziandikia zote mbili lango kuu, kila moja la kwake. Wanafunzi wa maabara waliifikia seva vizuri. Wa jengo la pili, waliopita kwenye ruta ya ndani, hawakupata kitu, na ilikuwa imebaki wiki moja tu kuwasilisha kazi zao za mazoezi ya kufundisha. Barua ya kuomba fedha za seva mpya ilikwisha kuandikwa.

Fundi kijana aliyeitwa hakufungua hata kifuniko. Aliomba kuona jedwali la njia, akasema, “Mwalimu, maombi yao yanafika. Majibu ndiyo yanapotea.”

Msomaji, hapo ndipo wengi hujikwaa. Tunadhani jibu litarudi kwa mlango ule ule ulioingiza swali. Kwa kawaida seva haikumbuki mlango. Hutazama anwani inakokwenda tu. Jengo la pili halikuwa jirani yake, basi jibu likaelekezwa kwenye lango kuu, na kwa kuwa yalikuwa mawili, likachaguliwa lile lililoandikiwa gharama ndogo, yaani la kampuni ya intaneti. Huko anwani za ndani za chuo hazina njia, zikatupwa. Waraka wa Oktoba 1989 kuhusu wajibu wa kompyuta za intaneti uliitaja mitazamo miwili, mkali na legevu, juu ya kadi ipi itoe pakiti, wala haukulazimisha mmoja. Kwa hiyo mifumo hutofautiana hadi leo, jambo ambalo mimi naona limewapotezea mafundi siku nyingi.

Fundi alifuta lango la kadi ya ndani, likabaki moja tu, la nje. Kisha akaandika njia mahususi: anwani zote za jengo la pili zipitie ruta ya ndani. Akaihifadhi pia, isifutike umeme ukikatika, maana huku kwetu umeme haukawii. Kazi nzima haikumaliza saa moja.

Wanafunzi wa jengo la pili waliwasilisha kazi zao wiki ile. Ile barua ya seva mpya ikaondolewa kwenye jalada.