Kilio Chenye Jina

Leo tuongee juu ya mashairi ya kilio.

Septemba 1961, mji wetu wa Likasi ukiitwa bado Jadotville, askari wapata 150 wa Ayalandi walikuwa hapa kwa kazi ya ONU. Tangu tarehe 13, jandarma wa Katanga na wazungu wa kukodiwa waliwashambulia. Tarehe 17 maji na risasi viliwaishia, wakajitoa. Hakuna hata mmoja wao aliyekufa. Upande wa Katanga walikufa vijana, nao walikuwa na mama zao.

Wageni hao walitoka nchi iliyotawaliwa na Waingereza kwa mamia ya miaka, hata lugha yake ikasukumwa pembeni. Lakini katika lugha hiyo akina mama waliwalilia wafu kwa mashairi, kama mama zetu wanavyofanya kwenye kilio.

Sheria ya kikoloni iliruhusu Mprotestanti kumlazimisha Mkatoliki amuuzie farasi wake kwa pauni 5 tu. Inasimuliwa kwamba Art Ó Laoghaire alikataa kumuuzia Abraham Morris. Mwaka 1773 askari wakamwua kwa risasi. Mkewe, Eibhlín Dubh Ní Chonaill, akamlilia kwa shairi lililopita kinywa kwa kinywa miaka mingi kabla ya kuandikwa.

Sikieni vema: hasira ya mama huyu ni kali, naye anamlaani Morris. Lakini anamlaani kwa jina lake na kwa tendo lake.

Na sisi? Union Minière ilileta watu wa Kasai kufanya kazi migodini. Watoto na wajukuu wao wakazaliwa hapa. Mwaka 1992 na 1993 wakafukuzwa. Maelfu walilala kwenye gare ya Likasi wakingoja treni, na wengine wakafia pale. Wanasiasa waligombana, lakini aliyelipishwa ni mama muuza mikate, kwa sababu ya kabila lake.

Ninyi mliohama, kilio chenu ni haki. Tajeni wafu wenu kwa majina. Nanyi wakubwa wa mitaa, mtu akija kushitaki, mwulizeni: ni nani, na alifanya nini? Akijibu, “Ni wale watu,” mwulizeni tena. Mtu mwenye jina anaweza kuitwa mbele ya hakimu, akahukumiwa, neno likaisha. Kabila zima haliwezi kuitwa. Linaweza tu kufukuzwa, na neno haliishi.