"Soon": papo hapo iliyochelewa

Leo "soon" ya Kiingereza tunaifasiri "karibuni" au "baada ya muda mfupi". Lakini zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, Waingereza waliposema "sona" walimaanisha papo hapo. Kivuli cha maana hiyo kimebaki katika "as soon as", yaani mara tu.

Nini kililegeza neno? Pengine ajizi ya binadamu: huahidi papo hapo, hutimiza baadaye, na maana ikafuata vitendo. "Presently" nayo ilipita njia hiyohiyo. Enzi za Shakespeare iliweza kumaanisha mara moja, baadaye ikawa "punde".

Nasi tusicheke. Muulize fundi cherehani habari za suruali yako. Akijibu "sasa hivi namalizia", vuta kiti, agiza chai.