Mkemia Aliyejenga Nyumba za Sayansi

Tutajapo sayansi, mara nyingi tunamfikiria mtu mmoja aliyejifungia katika maabara na chupa zake. Lakini wataalamu wa taifa wahitaji pia mahali pa kufanyia kazi, na lazima atokee mtu wa kupajenga. Katika India, mtu huyo alikuwa Shanti Swarup Bhatnagar.

Bhatnagar alizaliwa mwaka 1894 katika mji wa Bhera, Punjab, ambao leo umo Pakistan. Alifiwa na baba yake akiwa mtoto mchanga, akalelewa nyumbani kwa babu yake mzaa mama. Mwaka 1921 alipata shahada ya udaktari wa sayansi London, kisha akarudi kufundisha Banaras, na kuanzia mwaka 1924, Lahore. Huko alichunguza tabia za sumaku katika kemikali.

Sifa zake kwa watu wa viwanda, hata hivyo, zilitokana na tope. Kampuni ya Attock, iliyokuwa ikitafuta mafuta ya petroli, hutia tope katika shimo ili kuisaidia kekee. Lakini tope hilo liligandamana kila lilipokutana na maji ya chumvi, na kazi ikakwama. Bhatnagar alitambua kuwa shida ni ya chembe ndogo zielеazo majini. Alichanganya gundi ya miti ya nchini, na tope likabaki laini. Wenye kampuni walitoa rupia 150,000 kwa ajili ya utafiti. Yeye hakuzifanya mali yake, bali alizielekeza chuo kikuu.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1940, serikali ya kikoloni ilimpa uongozi wa bodi ya utafiti wa sayansi na viwanda, na mwaka 1942 likaundwa Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda. Chombo hicho kilichoanzishwa kwa mahitaji ya vita, Bhatnagar alikigeuza kiwe cha taifa. Baada ya uhuru wa mwaka 1947 aliungwa mkono na Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru. Mwezi wa Januari 1950 zilifunguliwa Maabara ya Taifa ya Kemia, Pune, na Maabara ya Taifa ya Fizikia, Delhi, nyingine zikafuata.

Hata hivyo, si wote walioridhika. Mwanafizikia Meghnad Saha alihofia kwamba maabara zilizo nje ya vyuo vikuu zingevidhoofisha vyuo hivyo. Hoja hiyo ilikuwa nzito, kwani mtafiti asiyefundisha hamwachii kijana ujuzi wake. Bhatnagar mwenyewe aliteuliwa mwaka 1953 kuwa mwenyekiti wa kwanza wa Tume ya Misaada ya Vyuo Vikuu, lakini alifariki tarehe 1 Januari 1955.

Tangu mwaka 1958 tuzo yenye jina lake ilitolewa kwa wanasayansi wa India. Sisi tulio walimu na wanafunzi tuyapime maisha yake kwa haki: aliacha meza ya utafiti wake ili wengine wapate meza zao. Namna ya kuzigawa meza hizo baina ya maabara na madarasa ni kazi ambayo kila taifa lililojikomboa hulazimika kuifanya lenyewe.