Ensimbi za Namirembe

Jamani, neno ensimbi tunalisikia kila siku Katwe na Owino, tunajua ni makuta tu. Kumbe zamani ensimbi zilikuwa kauri, vile vigamba vya baharini, na Waganda walizitoa kanisani kama sadaka. Askofu Alfred Tucker alitaka walimu wa kanisa watunzwe na waumini wa hapa hapa, siyo na pesa za Uingereza. Na watu walitoa hata mgongo: walibeba udongo na matofali kupandisha mlima wa Namirembe. Mwaka 1910 radi ikaunguza katedrali. Wakaanza tena 1915, wakamaliza 1919. Ndiyo ile tunaiona pale juu.

Sisi wa Ituri inatugusa zaidi. Mmoja wa walimu hao, Apolo Kivebulaya, alivuka Semliki 1896 akafika Boga, kwetu kabisa.

Jumapili tulibishana: kodi ya nyumba haijalipwa, fungu la kumi litoke wapi? Wengine walisema mkimbizi ni wa kupewa, si wa kutoa. Mwenzetu mmoja hakuwa na kitu mfukoni. Alibaki akafagia kanisa lote.