Kutoka Dishi la Longonot hadi Maktaba za 0 A.D.

Tarehe 10 Julai 2009, kundi la Wildfire Games liliuachia ulimwengu msimbo wote wa 0 A.D., mchezo wake wa vita vya kale. Siku 13 baadaye, nyaya za intaneti za SEACOM, zilizopita chini ya bahari, ziliwashwa kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Mambo hayo mawili hayakupangwa pamoja, lakini kwa kijana wa Nakuru aliyetaka kuujenga mchezo huo kwa mikono yake, yalikwenda sambamba.

Msimbo wa mchezo peke yake hautoshi. 0 A.D. inaegemea maktaba zilizoandikwa na watu wengine: SDL hufungua dirisha na kupokea kibodi, OpenAL hutoa sauti, libpng husoma picha. Nayo libpng haijengeki bila zlib, inayofumua data iliyobanwa. Ikikosekana moja tu, kompaila husimama na kutaja faili ambalo halikuonekana. Mjenzi hulitafuta, huijenga maktaba yake, kisha huanza upya.

Kila maktaba ilitoka mbali, na kwa miaka mingi njia ya kuileta ilikuwa angani. Mwaka 1970 kituo cha setilaiti kilifunguliwa Longonot, kusini mwa Naivasha, dishi lake likielekezwa juu ya Bahari ya Hindi. Kilijengwa kwa ajili ya simu. Intaneti ilipofika, Jambonet, mtandao mkuu ulioanza 1998, nao ulitegemea setilaiti. Ombi lilipanda kilomita karibu 36,000, likashuka ng'ambo, na jibu likarudi vivyo hivyo. Nusu sekunde ilikwisha kabla ya baiti ya kwanza kufika, na bei ya kila megabaiti ilikuwa ya kuumiza.

Ndiyo maana diski zilithaminiwa. Kuanzia 2005 hadi 2011, kampuni ya Canonical ilituma CD za mfumo endeshi wake wa Ubuntu bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba. Diski moja ilizunguka mikononi mwa wengi. Lakini ilibeba mfumo wa msingi tu. Vifurushi vya kujengea michezo vilibaki ng'ambo.

Nyaya zilibadili hesabu hiyo. Waya mwingine wa chini ya bahari, TEAMS, ulitoka Fujairah ukatua Mombasa mwaka huohuo wa 2009. Kutoka pwani faiba ilipanda hadi Nairobi, ikateremka bondeni hadi Nakuru. Huko Njoro, karibu na Nakuru, Chuo Kikuu cha Egerton kimeunganishwa na vyuo vingine kupitia KENET, mtandao wa elimu na utafiti wa Kenya.

Leo anayejenga 0 A.D. mjini Nakuru huvuta msimbo na maktaba zake kwa amri chache. Subira ndefu imehamia ndani ya kompyuta yenyewe: SpiderMonkey, injini ya Mozilla inayoendesha hati za mchezo, hukompailiwa faili baada ya faili, feni ikivuma na mistari ikipanda kwenye skrini.